Siklidi wadogo wa Ziwa Tanganyika katika tangi moja

Mwambie muuza samaki wa mapambo yeyote hapa Dar es Salaam kwamba unataka siklidi, samaki wa ukoo mmoja na sato na furu, atakuuliza kwanza kama una tangi la kuwaweka peke yao. Sababu anayo. Siklidi wanaouzwa sana mjini ni mbuna wa Ziwa Nyasa na oska wa Amerika Kusini, na hao ukiwachanganya na samaki wengine ovyo, asubuhi unakuta mapezi yamechanika na mmoja anaelea. Basi ukoo mzima umepewa jina la ugomvi.

Mimi nafuga aina tatu za siklidi wa Ziwa Tanganyika katika tangi moja la urefu wa sentimita 120. Wanazaa humo humo, wanalea humo humo, na hakuna anayemuua mwenzake. Wageni wanaofika nyumbani Kimara wakaliona hilo tangi huniuliza maswali yale yale, wengine hunipigia simu baadaye wakiwa wameshasimama dukani, kwa hiyo nimeona niyaandike yote mahali pamoja.

Jambo moja msomaji alishike tangu sasa: samaki hawa wana hasira, tena nyingi, kila mmoja kwa kiasi cha mwili wake. Ila kila aina inataka sehemu yake ya maji. Mmoja anataka mchanga, mwingine anataka ufa kwenye mawe, wa tatu anataka maji matupu ya juu. Ukipanga tangi kila mmoja akaona mpaka wake uko wapi, hasira yake inaishia mpakani. Ukiwatia kwenye tangi tupu lenye kokoto za rangi na jumba la plastiki katikati, hata hao wanaoitwa wapole watauana.

Sato, ngege, furu wa Ziwa Victoria, kuhe wa kwetu Kigoma: wote hao ni siklidi. Mimi nimekulia Mwanga, Kigoma mjini, na kuhe nilimjua sahanini kabla sijajua kwamba wataalamu wanamwita Boulengerochromis microlepis. Mama alikuwa akimkaanga, kisha anamuunga kwa mawese, tunamla na ugali wa muhogo. Ni miongoni mwa siklidi wakubwa kuliko wote duniani, anapita nusu mita. Na ndani ya ziwa hilo hilo anaishi Neolamprologus multifasciatus, ambaye dume lililokomaa halifiki sentimita 5 na jike ni dogo zaidi. Huyu ni miongoni mwa siklidi wadogo kuliko wote. Aliyemweleza kisayansi mwaka 1906 ni Boulenger, mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya London, ambaye jina lake ndilo alilobebeshwa kuhe. Nilipolitambua hilo, nikiwa nimeshahamia Dar na kazi yangu ya ufundi wa friji na viyoyozi, nilitaka niwe na hao wadogo nyumbani, niwaone kila jioni. Watu wa Ulaya na Marekani wanawafuga tangu miaka mingi. Sisi ambao ziwa ni letu wengi wetu hatujui kwamba wapo.

Ziwa lenyewe linakueleza namna ya kuwafuga. Tanganyika lina urefu unaozidi kilomita 650 na kina cha mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Siklidi wake wanakaribia aina 250, na karibu wote hawapatikani popote pengine. Maji yake ni angavu, yana madini mengi, na pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho 7 ni katikati na juu ya hapo ni alkali, ni karibu 9. Joto la maji ya ufukweni hukaa zaidi kati ya nyuzi 24 na 27. Kwa ukubwa ule, hakuna kinachobadilika ghafla: mvua ikinyesha au jua likiwaka, samaki wa chini kwenye mawe hana habari. Ndiyo maana samaki wa Tanganyika anavumilia pH ya 8.3 isiyoyumba kuliko ya 9 leo na 8 kesho.

Maji ya bomba ninayopata yana pH ya saba na kitu, tena yana klorini. Nayaweka kwenye pipa siku nzima huku pampu ya hewa ikifanya kazi ndani yake, klorini inatoka. Kisha nahitaji kuyaongezea madini, na hapa sisi watu wa pwani tuna bahati. Ardhi yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, na machimbo ya upande wa Kunduchi yametoa mawe hayo kwa miaka mingi. Mimi hutumia vipande vya mawe ya kujengea, ya machimbo. Sing'oi matumbawe baharini na simshauri mtu afanye hivyo. Yale yana uhai na sheria inayalinda. Unaponda vipande, unaosha mpaka maji yatoke safi kabisa, unavitia kwenye mfuko wa wavu na kuuweka pale maji yanapopita. Vinayeyuka polepole na kushikilia pH juu. Kama huna hakika na jiwe, lidondoshee siki: likitoa povu, lina chokaa unayoitaka. Wakati wa kubadilisha maji naongeza pia bikaboneti ya soda, ile ya kuokea, kijiko kimoja cha chai kwa lita 20, nikiwa nimeikoroga kwanza kwenye pipa. Kwangu pH inakaa 8.4, na sijawahi kuona sababu ya kuikimbiza zaidi ya hapo.

Shida kubwa ya Dar kwa samaki hawa ni joto. Vitabu vya Ulaya vinakuambia ununue hita. Hapa hita haina kazi. Kuanzia Januari mpaka Machi maji ya tangi sebuleni yanafika nyuzi 31 bila kuombwa, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 25 lita moja inabeba kama miligramu 8.2, kwenye 30 inashuka mpaka 7.5 hivi. Wakati huo huo samaki mwenye joto anahitaji oksijeni zaidi. Watu wakiniona fundi friji wanategemea nimefunga mashine ya kupozea. Ningeweza, lakini bili ya umeme ingekuwa kubwa bila sababu. Nimefunga feni mbili ndogo za kompyuta kwenye ukingo wa tangi, zinapuliza juu ya maji. Maji yanayogeuka mvuke yanaondoka na joto lake, kama mtungi wa maji unavyojipoza wenyewe kivulini. Zinanishushia nyuzi mbili mpaka tatu, na hiyo inatosha. Kinachotakiwa kukumbukwa ni kwamba mvuke hauondoki na madini. Maji yaliyopungua kwa mvuke yanajaziliziwa kwa maji ya bomba yaliyotulia, bila kuongeza chochote, la sivyo kila wiki tangi linazidi kuwa chumvi. Na usitumbukize chupa za barafu mchana kisha usiku ukaacha joto lipande. Huko kupanda na kushuka kunawaumiza kuliko joto lenyewe.

Kuna jambo moja ambalo linaua samaki wengi wa Tanganyika mjini, na sioni likielezwa vya kutosha kwa Kiswahili, basi nivumilieni nilieleze polepole.

Samaki anatoa amonia, na mabaki ya chakula yanatoa amonia. Ndani ya maji amonia ina sura mbili: moja haimdhuru sana samaki, nyingine ni sumu inayounguza mashavu anayopumulia. Kinachoamua ipi itazidi ni pH. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia moja. Kwenye pH 9, inapita theluthi moja. Maana yake ni kwamba tangi lenye uchafu ambao guppy, samaki mdogo wa mapambo wa maji ya kawaida, angeuvumilia bila shida linaweza kumuua samaki wa Tanganyika usiku mmoja, na mwenye tangi atasema samaki alikuwa mgonjwa tangu dukani. Dawa yake ni bakteria wanaoishi kwenye chujio, ambao wanageuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo haina ukali huo. Bakteria hao hawanunuliwi kwa haraka. Tangi jipya linahitaji wiki nne mpaka sita za kuendeshwa bila samaki, likitiwa chakula kidogo kidogo cha kuoza, mpaka vipimo vya matone vioneshe amonia sifuri na nitriti sifuri. Njia ya mkato iliyo halali ni moja: kuomba sponji iliyotumika kutoka kwa mtu mwenye tangi lililokomaa. Mimi nina sponji za ziada zinazozunguka nyuma ya mawe kwa ajili hiyo tu, na mtu akianza tangi nampa moja.

Chujio langu ni la sponji mbili kubwa zinazoendeshwa kwa pampu ya hewa. Yapo machujio ya bei kubwa, lakini sponji haimezi vifaranga, na umeme ukikatika nahamishia mrija kwenye pampu ya betri, hewa inaendelea. Ni muhimu isikatike kwa saa nyingi, kwa sababu bakteria nao wanapumua.

Sasa mchanga na maganda. Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Katika Ziwa Tanganyika yuko konokono aitwaye Neothauma tanganyicense, hapatikani kwingine. Akifa, ganda lake haliozi upesi kwa sababu maji yameshajaa chokaa na hayana haja ya kuliyeyusha. Yanakaa karne kwa karne, yanarundikana sakafuni mpaka yanafanya uwanda mzima wa maganda. Juu ya uwanda huo mtupu, usio na jiwe wala jani la kujificha, wamejitengeneza samaki wanaoishi ndani ya maganda. Multi, ndivyo wafugaji wanavyomfupisha multifasciatus, ni mmoja wao. Ana mistari myembamba iliyosimama, ya kahawia na nyeupe, iliyopangana kuanzia kichwani mpaka mkiani, na jicho la rangi ya buluu.

Multi hakai mmoja wala wawili. Wanakaa kwa ukoo: dume au madume, majike kadhaa, na vifaranga wa marika tofauti. Kila jike lina ganda lake. Nilinunua kundi dogo kutoka kwa mtu wa Kigoma mwenye leseni ya kukamata samaki wa mapambo, na maganda nilikuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani, yale matupu ambayo mawimbi yameyatupa ufukweni, ambayo watoto wa Kigoma wanachezea. Yaliyo chini ya maji sikuyagusa, maana kila moja linaweza kuwa nyumba ya mtu. Ukikosa ya Neothauma, maganda ya konokono wengine yanafaa mradi mdomo wake ni wa duara, mpana wa kutosha samaki kugeuka, na limechemshwa. Weka mengi kuliko samaki ulio nao, mara tatu si vibaya. Ganda la ziada ndilo linalozuia ugomvi, kwa sababu kijana anayekua anahitaji pa kuhamia.

Mchanga uwe laini, kina cha sentimita 5 au zaidi. Utawaona wakifanya kazi mara tu wanapozoea. Multi anatia kichwa chini ya ganda, anajaza mdomo mchanga, anaogelea sentimita kumi hivi, anatema. Anarudi. Ganda linazama polepole mpaka linakaa anavyotaka yeye, mdomo ukiangalia upande alioamua. Ukilisogeza wewe wakati wa kusafisha, atalirudisha. Baada ya muda sakafu yote ya upande wao inakuwa mashimo na vichuguu, na mipaka kati ya shimo na shimo ni ya kweli kabisa: jirani akivuka anakutana na mdomo uliofunguliwa na mapezi yaliyosimama. Wanatishana, wanasukumana kidogo, kila mmoja anarudi kwake. Hata mkono wangu wanaukabili. Samaki mwenye urefu wa kidole cha mtoto anatoka kwenye ganda na kuigonga ngozi yangu, na ninamheshimu kwa hilo.

Hutayaona mayai. Jike linataga ndani kabisa ya ganda. Siku moja unakuta kwenye mdomo wa ganda vitone vidogo mno vya macho ya vifaranga, kama una subira unavihesabu vitano, sita, na mama yao amesimama juu yake. Wakikua hawafukuzwi upesi. Wanabaki ukoo mmoja, ndiyo maana tangi lenye multi wachache linakuwa na kundi bila wewe kufanya lolote zaidi ya kulisha na kubadilisha maji.

Kuhusu mawe, sheria iko moja na haina mjadala: jiwe likae juu ya kioo cha chini, na mchanga umwagwe baadaye kulizunguka. Ukiliweka juu ya mchanga, multi watachimba chini yake, litaporomoka, litawaua au litavunja kioo. Mimi nilitandika kwanza karatasi ya sponji ngumu ili mawe yasikwaruze kioo, kisha nikayapanga upande wa kushoto mpaka karibu na uso wa maji, yakiwa na nyufa nyembamba nyingi. Upande wa kulia nimeuacha mchanga mtupu wa multi. Katikati pana nafasi wazi ya kama sentimita 30. Hiyo nafasi wazi ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko kitu chochote nilichonunua.

Kwenye mawe wanakaa juli wawili, Julidochromis ornatus, dume na jike. Ni wembamba, wa njano wenye mistari mitatu myeusi, sentimita 8 wakikomaa. Juli anaogelea tumbo likiwa limeelekea jiwe daima. Akiingia pangoni anageuka juu chini na kutembea kwenye dari kana kwamba ndiyo sakafu. Mayai anayatundika huko huko darini. Ukinunua, nunua wadogo sita, waache wachague wenyewe, na jozi ikishapatikana wengine wape watu. Jozi uliyoichagua wewe dukani kwa kuangalia ukubwa mara nyingi haielewani. Na jozi ikishatulia usiguse mawe. Wafugaji wa zamani wote wanalisema hili na mimi nimelishuhudia kwenye tangi la jamaa yangu mmoja: aliinua mawe yote ili afagilie uchafu, akayapanga upya vizuri kuliko mwanzo, na juli wake waliokaa pamoja muda mrefu wakapigana mpaka ikabidi atenganishe. Ulipobadilika mpango wa mawe, ndoa nayo ilivunjika. Mimi navuta uchafu kwa mpira mwembamba kupitia nyufa, mawe yanakaa pale pale.

Juli na multi wanaonana kila saa na hawana cha kugombania. Juli hataki ganda wala uwanda. Akitoka kwenye mawe anahisi yuko uchi. Multi hataki jiwe. Mara chache juli kijana anashuka kuchungulia mashimo, anakutana na jike la multi, anarudi.

Juu yao wanaishi sipri, Cyprichromis leptosoma. Bila hawa tangi la Tanganyika linakuwa zito chini na tupu juu. Ni siklidi wa ajabu kwa kuwa hawana habari na sakafu kabisa. Katika ziwa wanakaa makundi makubwa mbele ya miamba, wakila vidudu vidogo vinavyoelea. Madume yana rangi ya buluu nzito, na katika kundi moja kutoka mahali pamoja utaona madume yenye mkia wa njano na mengine yenye mkia wa buluu. Kila dume linajitengea kipande cha maji matupu, kisicho na alama yoyote ninayoiona mimi, na linakilinda. Jike likikubali linaingia humo, linaachia yai katikati ya maji, linageuka na kulidaka kwa mdomo kabla halijazama. Linafanya hivyo yai kwa yai, kisha linakaa na mayai mdomoni wiki tatu hivi, koo likiwa limevimba na halili. Vifaranga wakitolewa wanapanda moja kwa moja juu ya maji, mbali na kila mwenye njaa wa chini.

Sipri wanahitaji kundi, wanane au zaidi, na majike yawe mengi kuliko madume. Wakiwa watatu dume moja litawatesa wengine wawili. Wanahitaji urefu wa tangi pia. Chini ya sentimita 120 sishauri. Na tangi liwe na kifuniko chenye upenyo mdogo wa hewa tu, kwa sababu wakishtuka wanaruka. Mlango ukibamizwa usiku, taa ikiwashwa ghafla, wanaruka. Sebuleni kwetu tunawasha kwanza taa ya ukumbini, halafu ya sebule, na ya tangi mwisho, na hata mwanangu mdogo anaufuata utaratibu huo bila kukumbushwa.

Nani asiingie? Mbuna kwanza. Mbuna anakula mwani unaoota kwenye mawe siku nzima na ana fujo za mwili mkubwa. Multi hawatatoka kwenye maganda tena. Brichardi, Neolamprologus brichardi, ni wa Tanganyika na ana mapezi marefu mazuri mno. Amepewa jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura. Huyu anazaa, na watoto wa kwanza wanabaki kumsaidia kulinda wadogo zao, halafu na hao wanabaki, mpaka ukoo unateka tangi zima na wengine wote wanabanwa kona ya juu. Mpe tangi lake peke yake, atakufurahisha. Gogogo wa madoadoa, Synodontis multipunctatus, naye ni wa ziwani kwetu, lakini anapenyeza mayai yake kati ya mayai ya siklidi wanaoatamia mdomoni. Watoto wake wanaanguliwa ndani ya mdomo wa mama wa kambo na kuwala watoto wake halisi. Ni kiumbe wa kusomwa, ila si wa kukaa na sipri unaowapenda. Na wale siklidi wadogo wapole wa Amerika Kusini, apistograma na ramirezi, ni wapole kweli, lakini maji yao ni laini na yenye asidi. Huwezi kuwapa wote wawili maji wanayoyataka kwa wakati mmoja, na kuwaweka katikati ni kuwanyima wote.

Chakula hakinisumbui. Nanunua dagaa wa Kigoma Kariakoo, wale wasiotiwa chumvi, natoa vichwa, nasaga mpaka unga laini kabisa na kuuchekecha. Nawapa kidogo sana mara mbili kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika moja. Dagaa wana mafuta, ukizidisha maji yanaota utando. Mara mbili kwa wiki nawapa viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye ndoo ninayoifunika kwa wavu ili mbu asipate kutoka. Sipri wanavidaka juu, vinavyoponyoka vinawafikia multi. Vifaranga wa sipri nawaangulia artemia, vijidudu vidogo vya maji ya chumvi, siku za mwanzo. Jumapili nabadilisha robo ya maji, polepole kwa mpira mwembamba, na ninapima pH ya pipa kabla ya kumimina.

Kinachobaki ni watoto wao, kwa sababu watazidi. Unapompa mtu samaki, mwambie wametoka sehemu gani ya ziwa. Juli wa mwambao mmoja na juli wa mwambao mwingine wanaweza kutofautiana kwa mistari na rangi, na ukiwachanganya wanazaa machotara ambao hakuna tena atakayejua ni wa wapi. Mimi naandika mahali walipotoka kwenye karatasi inayobandikwa kwenye mfuko. Ni jambo dogo, lakini udongo unaoteremshwa na mvua kutoka kwenye vilima vilivyokatwa miti unaendelea kufunika mawe na maganda kando ya ziwa, na mahali pengine samaki wa mwambao fulani wanapungua. Nataka hawa walio mikononi mwetu wabaki na jina la kwao. Usimwage samaki wa ziada mtoni wala bwawani, hata kama wametoka ziwa la nchi hii hii. Ziwa Victoria limeshatuonesha sangara aliyeletwa kutoka kwingine aliwafanyia nini furu.

Nina multi wadogo wapatao kumi na kitu, na juli wanne, watakaokuwa tayari kuhama masika yakiisha na joto likipungua. Nitawatoa bure kwa mwenye tangi lililokomaa, lenye mchanga, maganda na mawe yaliyokaa juu ya kioo. Aje na chupa ya maji ya tangi lake, tutayapima pamoja kabla samaki hawajatoka hapa.